Maji Meusi Asubuhi ya Jubilei

Bibi harusi alikuwa na miaka sabini na mbili, na asubuhi ya sherehe yake alitoka ndani ya gari uso mweusi tii, kama kitako cha sufuria.

Dada yake akapiga yowe.

"Kuna mkono wa mtu hapa!"

Tulieni niwasimulie. Kisa ni cha wifi yangu Kunigunda, na ruhusa kanipa mwenyewe. Kaniambia, "Andika, wifi. Ila usinipambe."

Basi sikupambi, Kuni.

Kunigunda ana gari la kukodisha pale Mbinga mjini. Si la abiria. Ni Kosta kuukuu, viti vyote vya nyuma vimeng'olewa, ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Watu wanaliita nyumba ya matairi. Unalikodi, dereva wake Rodrick anakuteremsha milima mpaka ziwani, unakula humo, unalala humo.

Chini ya sinki kuna filta mbili, kila moja na kikopo chake. Ya kwanza ya uzi mweupe, inanasa tope. Ya pili ya mkaa, inaondoa harufu. Fundi aliyezifunga alimwambia, "Dada, kila miezi mitatu badilisha zote. Za akiba hizi hapa."

Kuni akaziweka za akiba kabatini.

Miezi tisa ikapita. Ziko palepale, na nailoni yake.

Mwaka jana mwezi wa sita, watoto wa Mwalimu Bartholomayo, mstaafu wa Kitura, wakataka kuwafanyia wazazi wao jubilei. Miaka hamsini ya ndoa! Ndoa yenyewe ilifungwa Mbaha, kijiji cha ziwani kwao na mama yao, Bi Edina. Wakasema wazee warudi kubarikiwa kanisa lilelile, na wasafiri kwa raha zao, ndani ya nyumba ya matairi.

Kuni akaona mlango umefunguka. Ukoo ule una ndugu kila kijiji. Wakifurahi hao, simu yake haitapoa. Akafunga safari nao mwenyewe.

Jumamosi alasiri wakaegesha Mbaha, hatua chache tu kutoka ziwani. Kuni akachemsha chai. Bi Edina akapiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, chai inanuka tope."

"Labda majani, Mama."

Mwalimu akauliza kwa upole, "Filta zenu mlibadilisha lini?"

Hapo ndipo wifi yangu alipoteleza.

"Mwezi uliopita tu, Mwalimu. Mpya kabisa."

Uongo mkavu. Hata hakupepesa macho. Akakimbia dukani kuleta maji ya chupa, akapika chai nyingine, akajua yameisha.

Kumbe.

Jumapili, misa saa nne. Saa mbili Kuni na Rodrick wako nje wanachoma mbasa, samaki wa ziwani. Bi Edina yuko ndani, gauni jeupe limetundikwa pembeni. Akafungua bomba, akafumba macho, akajimwagia maji usoni kwa viganja vyote viwili.

Akafumbua. Akajiona kwenye kioo.

Alipotoka, dada yake, Bi Katarina, ndiye aliyepiga lile yowe.

"Edina! Nani kakufanyia hivi? Nilisema mimi! Kuna watu hawakuipenda ndoa hii tangu siku ya kwanza!"

Wanawake waliokuja na vigelegele wakanyamaza. Mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Bi Edina akakaa kwenye ngazi ya gari, machozi yakichora mistari kwenye weusi ule.

"Siendi kanisani," akasema. "Miaka hamsini, halafu hivi."

Kuni akamgeukia Rodrick.

"Wewe! Maji umejaza wapi?"

"Bombani, Dada Kuni! Yalikuwa safi, nimeyanywa mwenyewe."

"Umeniua, Rodrick! Umeniua!"

Rodrick maskini akabaki na koleo la samaki mkononi.

Kuni akaingia garini, akapiga magoti chini ya sinki, akafunga maji, akafungua kikopo cha kwanza. Alitegemea kukutana na filta yake ya miezi tisa.

Akakuta nyeupe pe.

Mpya!

Akafungua kabati. Za akiba hazipo.

Kaniambia, "Wifi, pale ndipo nilipoogopa kweli. Nani kabadilisha, na gari tulilala tumelifunga?"

"Ni mimi."

Mwalimu Bartholomayo alikuwa mlangoni, suti ya kijivu, tai inaning'inia.

"Niliamka mapema. Nilitaka mwenzangu anywe chai safi siku yake. Nikazikuta filta kabatini, nikazifunga. Shuleni pampu ya kisima nilikuwa natengeneza mimi, basi nikajiona fundi. Huu weusi umetoka wapi, sielewi."

Kuni naye haelewi. Akampigia fundi, akaweka sauti ya juu.

"Mmefunga ya mkaa mpya?" fundi akauliza. "Maji ya kwanza mlimwaga?"

"Ya kwanza yapi?"

Fundi akacheka mpaka akapaliwa. "Hilo ni vumbi la mkaa tu, dada! Ikiwa mpya lazima uisuuze. Fungua bomba dakika kumi, yamwagike mpaka yang'ae."

Wakafungua. Yakatoka meusi. Yakawa kijivu. Yakawa kama ukungu. Kisha yakawa maji. Bi Edina akanawa, weusi wote ukaenda na sabuni.

Mwalimu akatoka nje, akatangaza kwa sauti ya darasani:

"Hakuna mchawi! Mchawi ni mimi na ujuaji wangu!"

Vicheko. Vigelegele vikarudi. Bi Katarina akacheka kuliko wote.

Kuhusu uongo wa jana, Mwalimu hakutamka neno. Alimsogelea Kuni tu, akanong'ona:

"Zile za zamani nimezifunga kwenye gazeti, ziko chini ya kiti cha dereva. Zitupe kabla wanangu hawajaziona."

Kuni akalifungua gazeti. Filta iko kama muhogo uliong'olewa sasa hivi, na udongo wake.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa anauliza tena.

Akaanza na Rodrick, mbele ya watu. "Nisamehe, kaka. Kosa langu nimekutwika wewe." Kisha akaingia kwa Bi Edina, gazeti mkononi.

"Mama, jana nilikudanganya. Sijawahi kubadilisha."

Bi Edina alikuwa anahangaika na vifungo vya gauni. Akaitazama filta, akamtazama Kuni.

"Mwanangu, nimefuatana na mwalimu kila kijiji alichopangiwa. Tope nalijua. Nilikuwa nasubiri kuona kama utasema."

Akamgeuzia mgongo.

"Haya, umesema. Sasa nifunge vifungo hivi, padre hatungoji sisi."

Wakaingia kanisani saa nne na dakika tano.

Siku hizi kila kikopo chini ya sinki kina tarehe, kaandika Kuni mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Na ukoo ule wameshamkodi mara nne.

Ninachowaachia ni hiki. Siku ile ya chai, "Bado, Mwalimu, ngoja nibadilishe sasa hivi" ingemaliza kila kitu kabla kikombe hakijapoa. Ukiulizwa na hujafanya, sema bado. Ni herufi nne tu.