Plasta ya Fundi Cherehani
Fundi cherehani wangu wa mtaa wa Rosettenville, mama wa Kikongo, huongea akiwa amebana pini midomoni, na vidole vyake havitulii mpaka vipate pindo la kukunja. Hospitalini, nilikokwenda kumtafsiria, alikunja pindo la shuka. Alikuwa mjamzito na sukari ilikuwa imempanda, na daktari alitaka kuvuta kwa sindano maji yanayomzunguka mtoto, ajue kama mapafu yamekomaa ili amtoe mapema. Shuka ilipofunuliwa, tumbo liling'aa mafuta. Daktari akauliza ni nini. “Yaya, mwambie ni losheni,” fundi akaninong'oneza, akiniita mkubwa wake kwa Kikongo chao, macho ukutani. Nilijua ni mafuta ya maombi. Wamama wa kanisa lake walikuwa wamempaka asubuhi, wakimkataza sindano. Nikasema ni losheni, na daktari akayafuta yote kwa spiriti. Sindano ilipoingia, fundi alibana midomo kana kwamba ana pini.

Jioni daktari alirudi wodini kutuambia mapafu ya mtoto yamekomaa, kesho atatolewa. Fundi alilia, akamshukuru Mungu, kisha akaanza kubandua plasta iliyofunika tundu la sindano tumboni. “Wamama wako njiani, yaya. Wasiione.” Akaikunja ikawa ndogo kabisa, akanitilia mkononi bila kunitazama.