Sahani Nyeupe Ziwani

Mama Sahani hakuzaliwa na jina hilo, na la kuzaliwa usimwulize mtu, maana hata mumewe hulitafuta kichwani kwanza. Jina alilipata ziwani. Kila wiki hupanda mtumbwi, hupiga kasia mpaka katikati, kisha huteremsha majini sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Sahani ikipotea machoni kabla ya fundo la pili, maji yamechafuka, na wavuvi huweka nyavu kando mpaka yatulie. Ndiyo kazi yenyewe. Ukiiona ndogo, shauri yako.

Heshima hiyo haikumjia bure. Mwaka fulani mvua zilikokota mbolea ya mashambani mpaka ziwani, maji yakaota ukijani. Akasema samaki watakosa hewa, waacheni kwanza. Wavuvi wakamcheka: mtu na chombo chake cha jikoni atawaambia nini watu waliokulia majini? Haikupita muda perege wakaelea matumbo juu, na ufuo ukanuka hata watu wakalala madirisha yamefungwa. Tangu hapo, alisemalo Mama Sahani ndilo.

Sasa mwaka huu akasema maji yamechafuka. Wiki iliyofuata akasema yamezidi. Mitumbwi ikavutwa nchi kavu, wavuvi wakatawanyika kutafuta vibarua vya kubeba matofali, na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akikaanga samaki pale ufuoni, akahamia kwenye viazi kwa shingo upande. Mama Sahani hakuwa na raha. Aliyajua majiko yote yaliyopoa kwa ajili ya neno lake, lakini afanyeje? Kila akiteremsha sahani, ziwa lilikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Na mchele ndio uliomuumbua. Mchana mmoja wifi alikuja kula kwao. Akatafuna, akasita, akatoa jiwe mdomoni, akaliweka pembeni. Akatafuna tena, jiwe jingine.

"Wifi, mchele huu umeuchagua kweli?"

"Nimeuchagua mwenyewe, tena uani, kwenye mwanga."

"Basi umechagua mchele ukaacha mawe."

Mumewe akainamia bakuli, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Na wewe unacheka nini?" Mama Sahani akamgeukia.

"Mimi nimeshazoea, mke wangu. Nilikuwa nachagua kati ya meno na maneno yako, nikaona heri meno."

Wifi hakucheka. Akasema kesho wanakwenda wote ziwani.

Wakaenda. Kamba ikateremka, na hata fundo la kwanza halijalowa, Mama Sahani akasema, "Imepotea."

Wifi akainama juu ya maji. "Mimi naiona."

"Unaona jua tu hilo."

"Naona sahani, wifi. Naona mpaka ule ukingo uliobabuka rangi. Hebu teremsha."

Akateremsha. Likapita fundo la kwanza, la pili, la tatu, na wifi bado anasema naiona, lakini kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, maana alishajua anamuumiza mwenzake. Nyani haoni kundule. Mama Sahani alikuwa amelisingizia ziwa zima ugonjwa wa macho yake mwenyewe. Alilia palepale, kamba mkononi. Wifi akamwacha alie, akashika kasia yeye, na kwa kuwa hajui kupiga kasia, walizunguka weee ndipo wakafika.

Upofu haukumtisha sana. Alichoogopa ni siku maji yatakapochafuka kweli, aseme, na asiwepo wa kumsikiliza. Angeweza kunyamaza, wiki ijayo akatangaza kuwa ziwa limetulia, na nani angejua? Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa wavuvi. Alimkuta ameketi anashona wavu ambao haukuwa na tundu lolote.

"Maji ni safi," akamwambia. "Mabovu ni macho yangu. Nimewakosesha riziki bure."

Mwenyekiti akavuta uzi. "Tulijua ni safi, mama. Mbona mawe ya chini tunayaona."

"Mlijua, mkanyamaza?"

"Mwaka ule pia tulijifanya tunajua, tukakucheka. Safari hii tukasema, pengine anaona tusichokiona sisi."

Mama Sahani akaaga, akaenda zake.

Hospitali wakamwambia ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. "Nimejifungua mapacha uzeeni," akamwambia mumewe, naye akafurahi kusikia kwamba utani umerudi. Akapasuliwa jicho moja kwanza, la pili baadaye, mambo yakaenda vizuri.

Siku aliyorudi alipitia ufuoni kabla ya kufika nyumbani, akashangaa. Mitumbwi ilikuwa palepale ilipovutwa, majani yameanza kuota ubavuni mwake, na wavuvi wameketi wanapiga soga.

"Mbona hamjaenda kuvua? Si niliwaambia maji ni safi?"

"Ulituambia na macho ni mabovu," akasema mwenyekiti. "Sasa kauli ya macho mabovu tungeifuataje? Tumeyasubiri mazima."

Mama Sahani akageuka upande, akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Kisha akamwita wifi, maana ameapa hatapanda tena mtumbwi bila jozi ya pili ya macho, wakaenda katikati wote wawili. Akateremsha sahani. Fundo la tatu likazama, na Mama Sahani akakaa kimya, ameinama, mpaka wifi akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Vipi, imepotea?"

Wala. Ilikuwa kule chini, nyeupe, na ukingo wake uliobabuka. Perege mdogo alikuwa amekuja kuidonoa, akakimbia, akarudi tena.

"Wapungie wavuvi mkono waende," akasema Mama Sahani. "Mimi niache kidogo, bado natazama."