Santuri Aliyoikwangua Eustorgio Mozo

Kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, Eustorgio Mozo hugombana na redio. Huiwasha makusudi apate cha kutukana. "Haya, huyo tena! Huyo huyo!" humwambia paka. "Miaka arobaini, nyimbo kumi na mbili! Hivi hawa watu wana maktaba au wana kikapu?" Mwanamuziki akifa, redio za jiji la Barranquilla humpigia wimbo wake mmoja kutwa nzima, ule ule uliowachosha watu alipokuwa hai, na kesho yake hawamkumbuki tena. Jambo hilo humkera Eustorgio mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Ana miaka sitini na tisa. Mkewe alikufa zamani, na katika nyumba yake ya mtaa wa Rebolo mna vitanda viwili: kimoja analalia yeye, kingine zinalalia santuri. Ujanani alikuwa mpiga santuri wa Nge. Nge ilikuwa picó, spika zilizopangwa kupita kimo cha mtu, mbele zimechorwa nge mwekundu, na zikianza kunguruma Jumamosi mchana, barabara nzima inafungwa kwa watu wanaocheza. Picó yenyewe iliuzwa kitambo, ila jina lake bado lina heshima. Ndiyo maana redio ndogo ya mtaa humpigia simu kila Jumatano na kumpa robo saa azungumzie wanamuziki waliotangulia. Na hapo basi, huwaka!

"Wanamuziki wetu hawauawi na maradhi," alisema Jumatano moja. "Wanauawa na watu wenye sauti zao kabatini ambao hawataki kuzitoa!"

Watu walimsifu hadi dukani. Alikwenda kununua mihogo akarudi kifua mbele.

Kesho yake asubuhi akabishiwa hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa nguo nyeusi, uso umechoka.

"Samahani, mzee. Jana nilikusikia redioni. Mimi naitwa Yorlenis Cañate, binti wa yule fundi viatu wa mtaa wa Nueva Colombia. Fundi Zaire."

Eustorgio akashika fremu ya mlango. "Zaire amefanyaje?"

"Amefariki Jumatatu. Moyo."

Alimkaribisha ndani, akamwondolea santuri kwenye kiti. Yorlenis hakuzunguka sana. Alisema baba yake, Abelino, aliwahi kumwambia mama kwamba ujanani alirekodi wimbo. Alimwambia mara moja tu, mwanzoni mwa ndoa. Mama akacheka, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unamcheka, na baba hakulitaja tena. Nyumbani hakuimba hata siku moja. Alishinda na misumari mdomoni, akigonga soli.

"Mama anasema ni porojo tu za ujana. Mimi nikasema, yuko mzee anayewajua marehemu wote. Kama yupo wa kujua, ni yeye. Ulisikia lolote, mzee?"

Na Eustorgio Mozo, yule simba wa Jumatano, akasema, "Hapana, binti yangu. Sijapata kusikia."

"Nilijua tu," akasema Yorlenis, akainuka. "Asante hata hivyo. Tuko msibani mpaka siku ya tisa. Ukipita, karibu kahawa."

Alipoondoka, Eustorgio alikaa pale pale. Redio ilikuwa bado inaimba jikoni na hakuwa na nguvu hata ya kuitukana.

Maana santuri ilikuwepo. Ilikuwa chini ya godoro la kile kitanda cha pili, ndani ya foronya, na katikati yake hapakuwa na jina wala karatasi, plastiki tupu yenye mikwaruzo.

Hiyo ya kukwangua ilikuwa desturi yao. Mpiga santuri akipata wimbo mkali, kitu cha kwanza ni kuchukua sarafu na kukwangua karatasi ya katikati hadi jina la mwimbaji litoweke, kwa sababu picó nyingine zilituma wapelelezi waje kuchungulia. Kisha anaubatiza wimbo jina lake mwenyewe, na mtu akitaka kuusikia lazima aende kwake. Kila mtu alifanya hivyo, na walijisifia. Kama Eustorgio angeishia hapo, leo angekuwa anasimulia kwa kicheko.

Lakini yeye hakuishia hapo. Abelino Cañate alikuwa ametengenezewa nakala thelathini za santuri yake, kwa pesa zote alizokuwa nazo, na studio ikarekodi wengine juu ya utepe wake, hivyo nakala nyingine zisingeweza kutolewa tena. Akaziacha zote kwenye kibanda kimoja sokoni ziuzwe. Eustorgio alisikiliza moja, nywele zikamsisimka, akanunua zote thelathini asubuhi ile ile. Nyuma ya nyumba, kwa nyundo, akavunja ishirini na tisa. Abelino aliporudi kibandani akaambiwa zimekwisha, akafurahi kama mtoto. Alidhani kuna watu thelathini mjini wanaomsikiliza.

Wimbo ule haukuwa na maneno mengi: gitaa, ngoma na sauti inayopanda kwa vilio, basi. Eustorgio akauita "Moto wa Zaire", akawaambia watu ameletewa na baharia kutoka Afrika. Jamani, ulivyowaka! Mwaka ule hakuna aliyecheza kitu kingine.

Na Jumamosi moja ya msimu wa kanivali kijana mwembamba akapenya hadi kwenye mashine, jasho linamtoka, anatabasamu. "Kaka, hiyo sauti ni yangu. Mimi ndiye Abelino." Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Eustorgio alimtazama, akajua kabisa, kisha akashika kipaza sauti na kutangaza, "Mabibi na mabwana, tuna mgeni! Huyu bwana ametoka Zaire kwa mguu!" Barabara nzima ikaangua kicheko. Tangu siku ile kijana akawa Zaire: Zaire njoo, Zaire nishonee kiatu. Hata kwenye tangazo la msiba jina hilo lilichapwa, na binti yake alidhani ni jina la mapenzi.

Siku mbili Eustorgio hakutoka nje. Alijaribu kujitetea kwa paka: tulikuwa vijana, mambo ya ushindani, nani angejua. Akajaribu kufikiria kuipeleka kimyakimya, kuiacha mlangoni. Kila alipokumbuka lile neno "kabatini" alilolitoa redioni, alihisi uso unaungua, akajifunika shuka ingawa joto la Barranquilla halina mzaha. Alijiona mchafu. Siku ya tatu akaoga, akavaa shati jeupe, akabeba mashine yake ndogo ya santuri na ile foronya, akakodi bajaji.

Nueva Colombia, mbele ya nyumba ya fundi, wanaume walikuwa wanacheza domino chini ya turubai. Miongoni mwao alikuwapo Guido Barraza, mchinjaji mstaafu, shabiki wa Nge tangu enzi hizo.

"Eeh, Torgio! Umekuja na muziki msibani? Umerukwa na akili?"

Eustorgio alimpita. Aliingia hadi sebuleni, penye kitambaa cheupe ukutani, mishumaa na glasi ya maji aliyowekewa marehemu. Mjane, Mama Eneida, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mnene, mtulivu. Yorlenis alimpokea. Eustorgio akaitua mashine mezani, akaitoa santuri kwenye foronya. Akachomeka waya, akaweka sindano.

Gitaa lilipoanza tu, Guido akaja mbio na vipande vya domino mkononi. "Moto wa Zaire! Mungu wangu, miaka mingapi! Torgio, kweli wewe ni mtu, umemletea Zaire wimbo wa jina lake!"

"Si wa Zaire," Eustorgio akasema. "Ni wa Abelino. Anayeimba ni Abelino."

Guido akampigapiga begani. "Haya, haya. Umesema vizuri. Marehemu apumzike."

"Guido, nisikilize! Nilikwangua jina mwenyewe. Alikuja akaniambia ni yeye, nami nikawachekesha watu. Nilikuwa najua."

"Mzee ana roho nzuri," Guido akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti iliyosikika chumba kizima. "Anamfariji mjane. Mimi nilikuwepo! Ule ni wa Afrika, uliletwa na baharia." Na wenzake waliojazana mlangoni wakatikisa vichwa kwa huruma, wakimtazama Eustorgio kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Aliikwangua vizuri mno.

Yorlenis naye alitazama huku na huku, hajui amwamini nani. Wimbo ukafika mwisho. Baada ya gitaa kunyamaza, mwimbaji, labda kwa furaha ya kumaliza, alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, kikiishia na kikohozi kidogo. Eustorgio siku zote alikuwa akiinua sindano kabla ya hapo.

Mama Eneida akasimama.

"Rudisha," akasema. "Hapo mwisho."

Akarudisha. Kicheko, kikohozi. Mama akamwamuru tena, akarudisha tena. Guido akaanza kusema kitu, mama akamwinulia kiganja bila kumgeukia. Miaka arobaini Eustorgio aliibania santuri ile isilike, leo alikuwa anaisugua mahali pamoja hata sindano ikakwaruza. Hakuthubutu kuinua macho.

"Ndivyo alivyocheka nikiunguza wali," Mama Eneida akamwambia bintiye. "Ndivyo hivi hivi." Kisha akakaa, taratibu, akishika mkono wa kiti. "Kumbe hakunidanganya. Nami nilimwita mwongo mbele ya mama yake."

Yorlenis akapiga magoti, akamkumbatia miguuni. Wanaume mlangoni walianza kurudi nyuma mmoja mmoja. Guido alibaki na vipande vyake vya domino, ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama," Eustorgio akasema. "Hii ni yenu. Moja tu ndiyo iliyobaki."

Mama Eneida hakuipokea wala hakuikataa. Alikuwa anatazama ile plastiki nyeusi ikizunguka bila sauti.

"Zilikuwa ngapi?"

"Thelathini."

"Nyingine ziko wapi?"

"Nilizivunja, mama. Ili niwe nayo peke yangu."

Mama Eneida akaisimamisha santuri kwa kidole.

"Na zote," akauliza, "zilikuwa na kicheko chake?"

"Zote, mama."