Asiyejua Kuimba

Pale Matisi, Kitale, Nabwile alijulikana kwa mambo mawili: mahindi yake mazuri na mdomo wake. Akiona mtu anaonewa, hanyamazi. Lakini siku aliyokasirika kuliko zote alikuwa kwao Kabuchai, amekwenda kumsaidia mdogo wake Wangila kuvuna miwa.

Asubuhi Wangila aliwaonyesha wakataji kichaka kilichokuwa pembeni mwa shamba.

"Hapo msiguse. Kuna kiota cha kurumbiza."

Ndege huyo mwenye kifua cha rangi ya chungwa aliwaimbia kila alfajiri, na nyumba nzima ilimpenda. Nabwile alichungulia akaona makinda, uchi kabisa, macho yamefumbwa. Akamsifu mdogo wake kwa moyo wake mwema.

Mchana mbwa wa Wangila walimkurupusha sungura mwitu kwenye miwa. Wa kwanza kuinua rungu alikuwa Wangila. Alipomnyanyua yule mnyama kwa miguu, maziwa yakadondoka.

"Alikuwa ananyonyesha!" Nabwile alipiga kelele. Akapiga magoti, akapekua majani makavu mpaka akapata watoto wawili. Hawa walikuwa na manyoya tayari, macho wazi, wametulia tuli.

"Dada, sungura ni mboga bana," Wangila alicheka. "Anatumalizia maharagwe. Kurumbiza anakula wadudu, tena anaimba."

"Kwa hivyo asiyejua kuimba apigwe rungu?"

"Si hivyo..."

"Ni hivyo! Wale wa kwenye kiota hawajaona hata jua, ukawawekea ulinzi. Hawa wanakutazama, Wangila. Wamekuona ukimuua mama yao!"

Wakataji waliinamisha vichwa.

Jioni nyama iliiva. Nabwile aliisukuma sahani, akaenda jikoni kuwadondoshea wale watoto maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Mmoja alikufa. Nabwile alimlea wa pili mpaka akaweza kutafuna majani, akamwachilia kwenye nyasi mbali na boma. Kisha akarudi Kitale bila kumuaga ndugu yake.

Mavuno yaliyofuata, Wangila alimpigia simu.

"Dada, leo nimefunga mbwa kabla wakataji hawajaingia."

"Ungewafunga siku ile," Nabwile alisema, akakata simu.