Usiseme Linamisi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, gari letu lilipoishiwa nguvu katikati ya mlima wa kwenda hospitali, mama yangu akiwa kiti cha nyuma na miguu yake imevimba. Jana uliponipigia simu kusema gari lako linamisi, yaani injini inakosakosa moto, nilicheka peke yangu, maana neno hilohilo ndilo lililotusumbua sisi.

Nilikuwa kijana mwenye mdomo mwepesi. Gari lilikuwa la marehemu baba, kuukuu, linasitasita na kugonga huko chini. Kila fundi niliyemwendea nilimpa jibu kabla hajauliza: "Linamisi." Basi naye anabadilisha plagi, naondoka. Fundi wa watu ana kosa gani? Ukimwambia linamisi, atafungua plagi. Ndugu zangu wakaanza kusema liuzwe chuma chakavu, nami sikuwa na namna nyingine ya kumfikisha mama kliniki. Kutoka nyumbani kwetu Ilemela, kule juu kwenye mawe, hata barabarani hakuweza kufika kwa miguu.

Asubuhi ile tuliliacha lipumzike, likawaka, tukageuza na kuteremka polepole mpaka gereji moja ya Mirongo. Fundi akamwamkia mama shikamoo, kisha akanigeukia.

"Linafanyaje?"

"Linamisi," nikasema.

Mama akanikatiza kutoka nyuma. "Wewe ngosha, mwanamume mzima, umeulizwa linafanyaje, unataja ugonjwa. Fundi, hebu nisikilize mimi. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likipanda mlima mrefu linaanza kushtukashtuka, halafu linaishiwa. Likipumzika, linapanda tena. Ile kelele ni jambo jingine. Inagonga kama mfuniko wa sufuria inayochemka, hata tukiwa tumesimama."

Fundi hakugusa plagi. Akafungua chujio la petroli, likatoka limejaa uchafu wa yale mafuta ya kwenye madumu tuliyozoea kununua kule mwaloni, ufukweni mwa ziwa. Injini ilikuwa inanyimwa chakula pale inapokihitaji zaidi. Na kelele ilikuwa bati la kukinga joto la ekzosi, limelegea tu; akalikaza. Magonjwa mawili, mimi nimeyapa jina moja.

Tukapanda hadi hospitali bila kusita. Daktari akauliza, "Mama anasumbuliwa na nini?" Mdomo wangu ulikuwa tayari na jibu la siku zote: miguu, daktari, uzee tu. Nikamwona mama ananitazama. Nikanyamaza.

"Nikilala chali pumzi inakata," mama akasema. "Nikiketi, inarudi. Siku hizi naogopa kulala."

Niliumia sana, mwanangu. Tuliishi nyumba moja na sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Kumbe ulikuwa moyo. Wakamwanzishia dawa, na ndiyo sababu wewe ulimkuta bibi yako, akakupakata.

Kwa hiyo gari lako usilipe jina la ugonjwa. Zima redio ulisikilize. Linasita likiwa baridi au likishapata moto? Mlimani, au hata kwenye tambarare? Kelele inafuata mwendo, au inabaki ukisimama? Hayo ndiyo umpelekee fundi, kisha umwachie kazi yake. Na watu, hasa waliochakaa kama sisi, uwasikilize hivyohivyo.

Jumatatu utanipeleka kliniki. Najua mdomo umeurithi kwangu. Daktari akiuliza, niache niseme mwenyewe, maana yapo ambayo hata wewe sijakwambia.

Mungu akujalie masikio ya bibi yako, mwanangu, na kila mlima utakaoupanda, ufike juu pamoja na wote uliowabeba.