Kijiko cha Dada Upendo na Klachi ya Mwingereza

Enzi zetu, kama ulikulia Njombe na baba yako ana pikipiki, kunuka petroli kanisani halikuwa jambo la kushangaza. Yetu ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, kongwe kuliko baba mwenyewe, na ubavuni ilikuwa na kibebeo chenye gurudumu lake ambacho sisi watoto tulikiita mtumbwi. Pikipiki yenyewe tuliiita Mwingereza. Baba aliinunua kwa meneja mmoja wa mashamba ya miti ya miwati aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilipowaka asubuhi kuku wa jirani waliruka ua, na sisi tuliokuwa tunatoa mvuke mdomoni kwa baridi ya Juni tulipata mwenzetu wa kutoa moshi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alijua sana kuiendesha na hakujua hata kidogo kuitengeneza. Fundi alikuwa mama. Babu yetu mzaa mama alifanya kazi kwenye karakana ya mashamba yale yale, na mama alipokuwa binti alitumwa kumpelekea chakula cha mchana, akawa anarudi nyumbani jioni, mikono myeusi, sufuria tupu.

Shida ya Mwingereza ilikuwa nati zake. Zilipimwa kwa vipimo vya zamani ambavyo, kama mama alivyosema, hata wenyewe Waingereza walikwisha kuviacha. Spana ya kawaida ama ilikataa kuingia ama iliingia ikazunguka bure. Kwa hiyo mama alikuwa na ndoo ya zana zake mwenyewe. Spana zake alifuliwa na mhunzi mmoja Mpangwa, kutokana na springi za lori lililokufa, na kila moja ilizungushiwa kitambaa mpinini: ya kitenge chekundu ndiyo kubwa, ya suruali ya baba ya harusi ndiyo ndogo. Alikuwa na spoku ya baiskeli yenye alama za tupa, aliyoipenyeza kwenye tundu la plagi kujua pistoni imefika wapi. Nafasi ya platini, pale panapokatia umeme wa cheche, aliipima kwa kadi ya mwaliko wa harusi ya mama mdogo. Harusi ilivunjika, kadi ikabaki kazini.

Lakini kipenzi chetu kilikuwa bisibisi moja yenye mwanya katikati ya ncha, kwa ajili ya nati za springi za klachi. Tuliiita Zakaria, kwa sababu mjomba Zakaria alikosa jino la mbele. Mama akiwa chini ya mtumbwi akisema, "Nileteeni Zakaria," mimi na dada Upendo tuligongana mlangoni kwa kukimbilia. Siku moja mjomba mwenyewe alikuwepo, akaitika, "Naam, dada?" Tulicheka mpaka tukafukuzwa nje.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa. Mnaikumbuka. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa viatu vya rangi, redio na sabuni yenye harufu ya matunda. Baba akaenda Makambako kwa Mzee Salumu, mfanyabiashara aliyetoka Kondoa na kuweka duka karibu na stesheni, akarudi na sanduku jekundu la plastiki. Ndani yake spana zilipangwa kwa ukubwa, zinang'aa kama vijiko vya askofu. Aliliweka mezani wakati wa chakula, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kabla hajanawa mikono. Mama alizitazama, akachukua ugali wake, akasema taratibu, "Nati haijui bei ya spana, baba Upendo."

Mwaka huo dada Upendo alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali, kwa treni. Mtaani kwetu alikuwa msichana wa kwanza. Barua ilisema asiyeripoti kufikia Jumatatu nafasi yake atapewa mwingine, na treni ya kumfikisha ilipita Makambako Jumamosi mchana. Mama alikuwa amejifungua mdogo wetu wiki mbili tu zilizopita, hakuweza kusafiri. Baba akaendesha, dada akakaa nyuma yake, mimi mwenye miaka kumi na mmoja nikajazwa mtumbwini pamoja na sanduku la bati, ndoo, jembe na godoro. Chini ya miguu yangu baba aliweka lile sanduku jekundu. Ndoo ya zana za mama aliiacha nyumbani kwa hiari yake.

Tulikwenda kama wafalme. Tuliimba nyimbo za kwaya, godoro likinipiga shavu kwa kila kona. Tulipopita Mtwango, kwenye kilima, Mwingereza akaanza kunguruma kwa sauti kubwa na kwenda polepole. Kadiri baba alivyovuta mafuta ndivyo kelele zilivyozidi na mwendo ulivyopungua, hadi tukapitwa na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani. Alitusalimia kwa adabu, "Kamwene," akaendelea. Kisha tukasimama kabisa.

Baba alishuka, akafungua sanduku jekundu. Namba kumi na mbili haikuingia. Kumi na tatu haikuingia. Kumi na nne iliingia, ikazunguka kama imelewa. Alijaribu zote, moja moja, kisha akakaa kwenye nyasi, akasema, "Nimebeba mapambo, nikaacha vyombo." Dada Upendo, ambaye ndiye alikuwa na haki ya kulia, akaanza kucheka. Nikamfuata. Baba alitukazia macho ya ualimu kwa muda, naye akashindwa.

Kicheko kilipoisha nikaona machozi ya dada hayakukoma pamoja nacho.

Nikamwambia baba, "Ni klachi inateleza. Springi zimelegea. Tunamtaka Zakaria."

"Zakaria yuko nyumbani kwenye ndoo," baba akasema.

"Basi tumtengeneze mwingine."

Tulipakua mali yote ya shule ya dada pembeni mwa lami. Katikati ya sahani na kikombe palikuwa na kijiko cha chuma, kizito, cha bibi. Mpini wake ulikuwa bapa na mpana kiasi. Ulihitaji mwanya tu. Baba akajaribu kuukata kwa jiwe, tukabaki na jiwe lililokatika.

Aliyetuokoa alikuwa mpasua mbao mmoja Mkinga, mtu wa Ipelele, aliyekuja kwa miguu na msumeno begani. Nilimwamkia, baba akamweleza. Yule bwana alikisikiliza kisa chote, akakitazama kijiko, akamtazama dada, akauliza, "Na huko shuleni utakula na nini?"

"Nitakula kwa mkono," dada akajibu.

"Huyu atasoma," akasema, akatoa mfukoni tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno. Aliketi, akabana kijiko kati ya magoti, akaanza kupiga tupa huku akiimba kwa Kikinga. Ukawepo mwanya.

Sasa mfuniko wa klachi ulikuwa upande wa mtumbwi, na mkono wa baba haukupita. Wangu ulipita. Skrubu za mfuniko nilizifungua kwa bisibisi ya sanduku jekundu, maana haki yake nayo lazima niiseme, na oili ikatiririka kwenye kikombe kipya cha dada kwa sababu hatukuwa na kingine. Nikaingiza mpini wa kijiko, nikazihesabu nati kwa kidole, nikakaza kila moja mizunguko sawa kama mama alivyonifundisha, isije klachi ikavuta upande. Baba alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi ananitazama.

"Umejifunza lini haya?" akauliza.

"Ukiwa shuleni unafundisha."

Tulirudisha oili, nikafunga, akapiga teke. Mwingereza akanguruma, na safari hii akaenda. Yule bwana wa Ipelele tulimpakia juu ya sanduku la bati na msumeno wake ukiwa wima kama bendera, tukaingia Makambako tukipiga kelele wote wanne, mimi nikiwa mweusi mpaka kwenye masikio.

Treni haikuwa imefika. Iliingia saa nne baadaye. Mzee Salumu alituletea chai na maandazi stesheni, akaliona sanduku lake, akacheka hadi kofia ikamponyoka. "Mwalimu, mimi nilikuuliza pikipiki ni ya wapi. Wewe ukasema ya Njombe." Dada Upendo alipanda behewa na kikombe kinachonuka oili, na alituandikia kwamba uji wa miaka minne yote ulikuwa na ladha ya nyumbani. Baba alipofika nyumbani alimweleza mama kila kitu, bila kupunguza. Jumamosi iliyofuata alivaa suruali chakavu, akaketi chini kando yake, akauliza spana ya kitambaa chekundu ni ya nati ipi.

Siku hizi spana namba kumi inafungua pikipiki yoyote, kuanzia Makambako hadi Lupingu, na vipuri vinauzwa hata kwenye genge la nyanya. Ni neema, sitaki kudanganya. Ila vijana wetu pikipiki ikizima wanakaa juu yake kama kuku anayeatamia, wanampigia fundi simu, wanaangalia video mpaka afike.

Mwezi uliopita nilikwenda Njombe kumkata mama kucha. Macho yake yamefifia, masikio bado. Tulikuwa barazani, bodaboda ikapita, mama akainua kidole. "Cheni ya huyo imelegea. Mwambie kabla hajafika mteremkoni." Nikatoka mbio na kanga yangu, nikimpungia mikono. Kijana alikuwa ameziba masikio kwa muziki. Akadhani namsalimia, akaninyooshea dole gumba, akapita. Niliporudi mama alikuwa ameshainamisha kichwa, anaisikiliza nyingine inayopanda.