Kaka Aliyefuga Mawe

Povu la maji ya bahari likikaa siku tatu kwenye kikombe linanuka kama dagaa waliosahaulika ndani ya mfuko. Mie nikiipata harufu hiyo popote, hata sokoni, narudi moja kwa moja sebuleni kwetu Chang'ombe. Nina miaka kumi, nimekaa chini kwenye zulia, namwangalia kaka yangu Hemedi akimwaga kikombe cha povu taratibu, kama mtu anayemwaga chai iliyolala.

Hemedi alikuwa fundi friji. Shule aliishia la saba, mengine yote alijifundisha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alipoamua kufuga samaki wa baharini alianza wanavyoanza wengi: akanunua filta kubwa inayong'aa, ina taa, ina vyumba vitatu, akatia samaki siku hiyohiyo. Wiki haikuisha, wote wakafa. Nyumba ilinuka mpaka jirani akauliza kama tumefiwa na paka. Mama akamwambia, "Hemedi, nakupa nafasi moja tena. Akifa samaki hata mmoja kwa sababu ya hilo tangi, linatoka na halirudi."

Basi mara ya pili akaenda polepole. Filta ile akampa binamu yetu Shabani wa Segerea, ambaye alikuwa na tangi la samaki wa maji ya bomba. Hemedi mwenyewe chini ya tangi lake, ndani ya kabati, akaweka beseni kubwa lililojaa vipande vya mawe. Maji yanashuka humo kwa bomba, yanapita kwenye vile vipande, halafu kipampu kidogo kinayarudisha juu. Chombo cha povu alikitengeneza mwenyewe kwa bomba la plastiki, kazi yake kuvuta uchafu pamoja na povu mpaka kikombeni, kabla haujaoza. Taa akachagua ya kawaida tu, maana matumbawe aliyoyataka ni yale laini, hayadai jua kali. Halafu juu kwenye tangi akapanga mawe ya baharini, mengi, aliyopewa na jamaa mmoja wa Kunduchi aliyekuwa anafunga duka lake la samaki wa mapambo. Aliniambia filta yenyewe ndiyo hayo mawe. Ndani yake kuna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, na vijidudu havitaki haraka.

Tukakaa wiki sita na tangi lenye maji na mawe. Mtaani wakapata la kusema.

"Vipi Hemedi, mawe yako yanakula nini?"

"Braza, yakizaa utugawie."

Yeye anacheka. Mie nilikuwa sicheki. Ukimgusa kaka yangu umenitia kidole jichoni, na watoto wawili wa mtaa wa nyuma wanakumbuka hilo mpaka leo.

Mwishowe wakaja samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Nikawaita Bwana na Bibi. Miezi ikapita, hakuna aliyekufa, na hata Mama nikamkuta siku moja amekaa anawaangalia huku mchicha haujachambuliwa.

Sasa, siku mbili kabla ya Idi, Shabani akaja kututembelea. Akasogeza pua kwenye kioo.

"Rukia, haya mawe ya kaka yako yana mafua? Mbona yana makamasi?"

"Toka hapo."

"Mie filta yangu naifua yote kila Ijumaa, sponji jeupe pe. Wageni wakiliona hili karo, hata pilau hawali."

Nikamrushia kandambili, ikampata sikioni. Lakini maneno yakanikaa. (Shabani alikuwaga ananunua samaki wapya kila mwezi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.)

Nyie mnajua Idi ikikaribia nyumba inavyofanywa. Kwetu kila kitu kilitoka nje: sufuria zinasuguliwa mpaka unajiona sura, mapazia yanafuliwa, hata miguu ya viti inapigwa brashi. Kesho yake mchana, Hemedi yuko kazini, mie nikazima pampu nisipigwe na umeme, nikayatoa yale mawe ya juu moja moja mpaka bombani uani. Nikayasugua kwa brashi na sabuni ya unga. Yalitoka meupe kama chaki. Nikayarudisha, nikakaa pembeni kumsubiri kaka yangu nimwone atakavyofurahi.

Aliporudi alisimama mlangoni.

"Rukia. Umetumia sabuni?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pakiti."

Bwana na Bibi walikuwa juu kabisa, wanahema. Hemedi hakupiga kelele. Akavua saa, akafungua kabati. Kwa kuwa pampu ilikuwa bado imezimwa, maji ya sabuni hayakufika kwenye beseni la chini, na vile vipande vya mawe vilikuwa salama na vijidudu vyao. Akawahamishia humo samaki wote wawili, akaongeza maji ya bahari ya akiba kutoka kwenye dumu. Bibi alikufa kabla ya magharibi. Bwana akabaki anaelea kwenye kona, lakini anapumua. Mie nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa kabati.

Mama akaingia. "Mwingine yuko wapi?"

"Umeme, Mama," Hemedi akajibu. "Ulikatika mchana, pampu ikasimama."

Mama akaniangalia mie, akayaangalia mawe, akamwangalia Hemedi. "Kwa hiyo tangi halina kosa."

"Halina, Mama."

"Basi tafuta na pampu ya betri. Sitaki kusikia tena habari ya umeme."

Akatoka. Tangi likabaki. Hemedi pampu ya betri aliinunua kweli, na imetufaa sana.

Miaka yote nilimsifu kaka yangu kwa kunistiri siku ile. Nikawa namwambia kila mtu. Mwaka jana, wiki ya Idi, nikiwa napiga pasi kanzu yake, ndiyo nikasimama na pasi mkononi. Mchana ule Mama alikuwa wapi? Alikuwa chumbani, ukuta mmoja na sebule, ananyoosha nguo zetu za Idi kwa pasi ya umeme, kuanzia adhuhuri mpaka Hemedi alipofungua geti. Umeme haukukatika hata dakika moja, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Kumbe tulistiriwa wote wawili.